Disiki Iliyokwaruzwa: Imeharibika ao Imetengenezwa?



Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma habari za mpira, za shamba la masomo na za wale walioshinda mitihani ya Serikali. Leo naomba nafasi kidogo niandike juu ya jambo ambalo pengine litawachekesha wengine. Kuna watu duniani ambao wanakwaruza disiki za muziki kwa kusudi. Wanazitoboa, wanazichoma moto, wanazikata vipande na kuvigandisha tena, kiisha wanazipiga na kusema: huu ni muziki.

Niliposimulia habari hii kwa wenzangu mu internati, mmoja alisema: “Hao watu hawana kazi ya kufanya.” Mwingine akasema: “Njo Bulaya ile. Watu wakishiba wanaanza kuharibisha vitu.” Wote walicheka. Sikuwajibu siku ile, sababu mimi mwenyewe nilikuwa ningali natafuta jibu. Sasa jibu ninalo, na ni haya ninayoandika.

Kwanza tujue disiki ni nini

Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wengi wamezaliwa na kukuta muziki uko ndani ya simu. Disiki hawajaishika. Basi wasikilize vizuri.

Disiki ni sahani nyeusi yenye tundu katikati. Ukiitazama unafikiri ina mistari mingi. Hapana. Kila upande una mfereji mmoja tu, mwembamba sana, ambao unaanza pembeni na kuzunguka, kuzunguka, kama nyoka aliyejikunja, mpaka karibu na katikati. Kuta za mfereji ule haziko laini. Ziko na vilima na mabonde madogo ambayo jicho haliwezi kuona. Sindano ikipita mule inatikisika, na kutikisika kule ndiko sauti tunayosikia.

Mwaka 1877, Thomas Edison wa Marekani alitengeneza mashini ya kwanza ya kushika sauti na kuirudisha. Yeye alitumia mwanzi wa chuma uliofunikwa na karatasi ya bati. Miaka kumi nyuma yake, 1887, Emile Berliner akaleta sahani bapa. Disiki za zamani zilizunguka mara 78 kwa dakika. Zilifanywa na gundi inayotoka kwa wadudu wa Asia, na zilivunjika kama chungu. Mwaka 1948 kompani Columbia ya Marekani ilitoa disiki ya vinili, plastiki isiyovunjika upesi, yenye kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Mwaka 1949 RCA Victor wakatoa ile ndogo ya mara 45.

Hii ndogo ya 45 ndiyo wazazi wetu walijua sana. Upande mmoja ulichukua dakika chache tu, na orkestra za Kinshasa zilipenda nyimbo ndefu. Kwa hiyo mara nyingi wimbo ulikatwa mara mbili: upande wa kwanza maneno, unageuza disiki, na upande wa pili unakuta sebene. Wazee wanasema watu walisimama kati ya uwanja wa kucheza, wakingoja mwenye pikapu ageuze.

Shikeni jambo moja. Mfereji ni njia, na sindano haina akili. Inafuata tu njia inayoikuta. Mtu akibadilisha njia, amebadilisha wimbo.

Watu waliobadilisha njia

Habari hizi nilizipata kwa yaya yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye anasoma mambo ya muziki Kinshasa. Alipokuja likizo, simu yake ilijaa sauti ambazo sijapata kusikia.

Wa kwanza aliyenisimulia ni Pierre Schaeffer, Mfaransa, fundi wa radio ya Paris. Mwaka 1948 alikwenda kwenye stasyo ya gari la moshi na kushika sauti za gari zile juu ya disiki. Akachora mfereji usioendelea mbele: ulizunguka mara moja na kujiuma mkia. Sindano ikiingia mule haitoki. Inarudia sauti ileile mpaka mtu aiondoe. Wakauita mfereji uliofungwa. Kwa disiki ya 78, sauti inayorudia haifiki hata nukta moja. Kwa ile ya 33 na theluthi inafika karibu nukta mbili. Tarehe 5 Oktoba 1948 radio ya Paris ilipiga kazi zake tano, mmoja wapo ukiwa ule wa gari la moshi. Mimi niliwahi kusikia gari la moshi pale Kongolo, na niliposikia kazi ya Schaeffer nilitambua magurudumu mara moja. Lakini kwa kurudia, magurudumu yaliacha kuwa magurudumu. Yalikuwa ngoma.

Tena mtu huyu Afrika haikuwa mbali naye. Katika miaka ya 1950 alisimamia shirika la Ufaransa lililojenga radio katika makoloni yake ya Afrika.

Wa pili ni Milan Knížák wa Prague, katika inchi iliyoitwa Chekoslovakia wakati ule. Karibu na mwaka 1963 alianza kwa kupiga disiki polepole kupita kawaida, ao haraka kupita kawaida. Mwaka 1965 akaenda mbele: akazikwaruza, akazitoboa, akazivunja. Kiisha akazipaka rangi, akazichoma, akabandika karatasi juu yake. Mwisho akakata disiki mbalimbali na kugandisha nusu ya hii na nusu ya ile. Sindano inavuka kutoka kwa wimbo huu mpaka ule kila mzunguko. Mwaka 1979 kazi hiyo ilitoka ndani ya disiki katika Italia, na jina lake maana yake ni “muziki uliovunjika”.

Wa tatu ni Christian Marclay, aliyezaliwa Marekani mwaka 1955 na kukomaa Uswisi. Alipokuwa mwanafunzi Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, aliokota njiani disiki ya watoto ambayo magari yaliikanyaga. Aliipiga. Ilirukaruka na kurudia, naye akaipenda hivyo. Mwaka 1985 alitoa disiki yake isiyo na mfuko, na agizo kwamba mwenye kuinunua asiifunike. Kwa hiyo vumbi, kucha, meza na safari viliandika juu yake. Disiki zote zilitoka sawasawa katika kiwanda, lakini kisha miaka michache hapakuwa mbili zenye sauti moja.

Nilipofika hapo, mimi pia nilicheka kama wenzangu. Kilichonikomesha kucheka ni babu yangu.

Tok ya babu

Babu ana disiki saba na pikapu moja ya zamani. Majiwe ya radio yakipatikana, yeye anaipiga jioni mbele ya nyumba. Moja ya zile saba ni ya mara 45, wimbo wa orkestra ya Franco. Ina mkwaruzo mrefu toka pembeni mpaka kwenye karatasi ya katikati. Sababu hiyo, wimbo mzima una sauti nyingine ndani yake: tok, tok, tok. Ukihesabu unapata tok 45 kwa dakika, kama mwanamke anayetwanga bila haraka.

Yaya alipoona mkwaruzo ule alifurahi. Alisema: “Babu, hii imekwisha kuharibika. Utupatie, tuikate kama yule mtu wa Prague. Miye nitakuwekea wimbo wenyewe mu simu, safi kabisa, bila kelele.” Tena kweli alikuwa nao. Aliupiga palepale. Babu alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya goti. Kiisha aliuliza:

“Ni muzuri. Lakini tok iko wapi?”

Yaya akasema tok ni kosa la disiki, haiko ndani ya wimbo.

“Kwako haiko,” babu akajibu. “Kwangu iko.”

Hapo alitueleza. Mwaka 1998, vita ilipofika, watu wa kijiji chetu walikimbilia porini. Bibi yake, yaani nyanya yetu, alijaza sufuria kubwa na chumvi, kisu cha kukatia sombe, nguo ya mtoto, na zile disiki saba akizifunga ndani ya kitenge. Babu alimwambia aziache. Alikataa. Alitembea na sufuria ile juu ya kichwa siku nyingi, na njiani kisu kilitoboa kitenge kikaandika mstari wake juu ya disiki. Nyanya alikufa mwaka 2009. Hakuacha picha hata moja.

Babu akasema: “Ile tok ni miguu yake. Mukikata hii, mutakuwa mumekata njia yake.”

Yaya hakusema tena. Na mimi, tangu siku ile, nikisikia mtu anasema mkwaruzo ni uharibifu tu, sikubali. Disiki ya babu ilitoka kiwandani na wimbo wa watu wa Kinshasa. Leo ina wimbo ule na safari ya nyanya, pamoja. Marclay aliuza disiki isiyo na mfuko kusudi maisha yaandike juu yake. Nyanya hakujua jina la Marclay, lakini jambo lenyewe lilikwisha kufanyika ndani ya sufuria yake.

Je, ni mambo ya Bulaya tu?

Sasa nirudi kwa mwenzangu aliyesema “Njo Bulaya ile.” Ningependa atazame vyombo vyetu wenyewe.

Chukua likembe. Fundi akikwisha kupanga ndimi za chuma, sauti ni safi. Je, anaiacha hivyo? Hapana. Anafunga pete za waya juu ya ndimi kusudi zilie zzz. Chukua madimba ya Kasai. Chini ya kila ubao kuna kibuyu, na fundi anatoboa kibuyu kile kwa kusudi, kiisha anafunika tundu na ngozi nyembamba ya mfuko wa mayai ya buibui. Ubao ukipigwa, ngozi ile inanguruma. Mtu asiyejua atasema kibuyu kimepasuka. Anayejua atasema bila ngurumo ile madimba haijakamilika.

Tena angalia Konono No 1 ya Kinshasa. Kikundi hiki kilianzishwa na Mawangu Mingiedi katika miaka ya 1960. Makelele ya mji yalifunika likembe zao, basi wakakusanya sumaku ndani ya vyuma vya magari yaliyokufa, wakazifanya mikro. Sauti ilitoka nene, yenye kukwaruza. Hawakuitupa, waliifanya muziki wao. Disiki yao iliyotoka mwaka 2004 ilifanya watu wa Ulaya na Marekani kushangaa, na vijana wanaocheza muziki wa mashini za umeme waliwaita ndugu zao. Mingiedi alikufa mwaka 2015, akiwa amekwisha kuona inchi nyingi.

Basi kutia kelele ndani ya chombo kwa kusudi ni jambo ambalo mafundi wetu wanajua tangu zamani. Tofauti ni hii tu: Knížák alitoboa vinili, fundi wa madimba anatoboa kibuyu.

Namna tulivyojaribu

Yaya alikaa siku mbili bila kugusa habari ya disiki. Siku ya tatu babu mwenyewe alituita. Alitoa disiki moja kati ya zile saba, iliyopindwa na jua mpaka ikawa kama jani la ndizi. Pikapu haikuweza kuipiga tena, na karatasi yake ilikuwa imetoka, hata hakukumbuka ni wimbo gani. Alisema: “Hii ilikufa zamani. Muchukue, muone kama inafufuka. Lakini pikapu yangu musiiguse.”

Hatukuwa na mashini. Tulitengeneza. Tulikunja karatasi ngumu kama mfuko wa karanga, tukapitisha sindano ya kushonea kwenye ncha yake. Tukapiga msumari juu ya ubao, tukatia disiki juu ya msumari, mmoja akazungusha na kidole, mwingine akashika karatasi sindano ikigusa mfereji. Wanafunzi wa fizika, mjaribu: inalia! Hakuna umeme, hakuna majiwe. Sindano inatikisa karatasi, karatasi inatikisa hewa. Lakini mujue kwamba sindano ya namna hii inakula mfereji. Kwa disiki nzima ni sumu.

Tena jambo hili si mchezo wa watoto tu. Shirika la Gospel Recordings, lililoanzishwa na Joy Ridderhof mwaka 1939 huko Los Angeles, lilitengeneza mashini ya karatasi ngumu iliyoitwa CardTalk kwa kupeleka Habari Njema mahali pasipo umeme. Ilizungushwa na mkono vilevile. Bila shaka aliyezungusha haraka alimfanya mhubiri kusema kama mtoto, na aliyelala usingizi alimfanya kusema kama mzee wa miaka mia.

Kiisha tukafanya mambo mawili.

1. Tulitia msumari ndani ya moto, tukatoboa tundu la pili kando ya lile la katikati, upana wa kidole kimoja. Tukazungusha disiki juu ya tundu jipya. Mwimbaji alipanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama mtu juu ya pirogi wakati wa mawimbi. Sababu ni hii: sehemu ya mfereji iliyo mbali na msumari inapita upesi, na sauti inapanda, sehemu iliyo karibu inapita polepole, na sauti inashuka.

2. Tulirudisha disiki kwenye tundu lake la kwanza, tukabandika kipande chembamba cha karatasi ya gundi juu ya mfereji, kwa mshazari. Sindano ikifika pale ilisukumwa nyuma. Basi neno moja lilirudia, lilirudia. Hatukujua ni neno gani. Tulipata mwisho wake tu. Mdogo wetu akachukua bidoni na kupiga juu yake. Watoto wa jirani walikuja na kuanza kucheza.

Babu alitazama toka kitini. Hakusifu, hakukemea. Alisema tu: “Kumbe haikukufa.”

Maswali matatu

Rafiki zangu, sitaki mtu asome karatasi hii kiisha aende nyumbani kukata disiki za baba yake. Disiki za zamani za inchi yetu zinapunguka. Nyingi zilipotea katika vita, nyingine zilichomwa, nyingine zilitumiwa kufunika mitungi. Wimbo wa mtu maarufu pengine uko bado Ulaya, ndani ya simu, ao mahali pengine. Lakini ziko disiki ambazo zilibaki moja tu, na ikikatwa ile moja, sauti imekwisha duniani. Kwa hiyo mimi na yaya tulikubaliana juu ya maswali matatu ambayo mtu atajiuliza kabla ya kushika kisu.

La kwanza: kitu hiki ni cha nani, na yeye anasema nini? Sisi tuliona mkwaruzo. Babu aliona miguu ya mtu.

La pili: kiko kingine kama hiki? Kama hakiko, acha. Tafuta kilichokufa tayari, hakikosekani.

La tatu: nimekwisha kukisikiliza mpaka mwisho? Fundi wa madimba hatoboi kibuyu ambacho hajakipiga na kusikia sauti yake. Na Knížák alizipiga disiki zake polepole na haraka kabla ya kuzikwaruza. Anayekata bila kusikiliza, huyo kweli anaharibu. Anayesikiliza kwanza na kuona kwamba ndani kuna sauti nyingine inayotaka kutoka, huyo anatengeneza, hata kama mkononi ana msumari wa moto.

Hiyo ndiyo tofauti, na haiko ndani ya chombo. Iko ndani ya sikio la mwenye kukishika.

Wale wenye mawazo mengine waandike, gazeti ni letu sisi wote. Na kama nyumbani kwenu kuna disiki chini ya kitanda, muulizeni mzee kwanza ilifikaje pale. Pengine atawaambia jambo ambalo haliko ndani ya mfereji.

Kwa leo naishia hapa. 

Mwanafunzi wa mwaka wa sita, Lusangi